Vita vya Kidole Gumba cha Bwana Randa

Kibanzi cha mbao kilimwingia Bwana Randa kwenye kidole gumba siku ya Jumatano, na kitanda cha mjukuu kilikuwa bado na miguu mitatu.

Basi tegeni masikio, enyi mliowahi kuchomwa na mwiba mkasema si kitu! Jongeeni, na mwenye kutafuna ameze kwanza, maana nawasimulia vita vilivyopiganwa mahali padogo kuliko punje ya mchele.

Shujaa wetu Bwana Randa, mfalme wa misumari, seremala ambaye mbao zikimwona hunyooka zenyewe, alikuwa ameapa mbele ya mama mkwe wake kwamba binti yake yeye Randa akitoka wodini Jumamosi na kichanga, atakikuta kitanda kimesimama. Kibanzi kilipoingia alikinyonya, akatema, akasema, "Kitatoka chenyewe. Hakina ndugu humo."

Kumbe kilikuja na ukoo mzima. Mgongoni kilipakia vijidudu, wavamizi wasiobisha hodi, ambao walipoonja joto la nyama walitandika mikeka wakaanza kuzaana.

Hapo akaamka Mlafi Mkuu, chembe ya kinga ikaayo chini ya ngozi ikila taka na kunung'unika. Akasimama mlangoni pa jeraha, akanguruma: "Nani amewakaribisha? Nimemeza wengi kuliko nyinyi, na sikumlilia hata mmoja!" Akammeza wa kwanza, akammeza wa pili, shavu likamjaa, ndipo akapiga mbiu ndani ya damu. Mishipa ikafungua malango, na askari weupe wakamiminika kama siafu waliochokozwa, vijana wasio na umri mrefu, kila mmoja akijua kwamba harudi. Kidole kikavimba, kikawaka moto.

Naye Tarishi, chembe nyingine ya kinga, mwenye mikono mingi, akanyakua kipande cha vazi la adui, akapanda nacho mkono mzima hadi kambi kuu ya kwapani. "Mtazameni vizuri," akawaambia wapiganaji. "Ndiye huyu. Mkimsahau, shauri yenu!" Kambi ikafurika makuruta, nayo ikavimba.

Ijumaa jioni Bwana Randa akajipapasa kwapani, akakuta donge.

"Mama Watoto! Nimekwisha! Ugonjwa umehamia kwapa! Nileteeni mchi niuponde huu mtoki!"

Mkewe, ambaye ni muuguzi, hata hakuinuka. "Ponda, mume wangu, ponda jeshi lako mwenyewe. Huo mtoki ndiyo kambi ya askari wako. Umeona wapi mtu akibomoa kambi yake vita vikiwa vimepamba moto?"

"Mwache aponde," akasema mama mkwe. "Mbao zimemshinda, atapambana na kwapa."

"Mama!" mkewe Randa akamkemea.

"Haya, nimenyamaza."

Bwana Randa akausahau mchi. Akatumbukiza kidole kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, uso ameukunja kama anayetiwa kaburini, na askari wake wakaachwa wafanye kazi. Alfajiri ya Jumamosi ngozi ikapasuka, usaha ukatoka, na juu ya usaha, kama mateka aliyefungwa, kibanzi. Mkewe akakivuta kwa kibano. Bwana Randa akapiga ukelele wa ushindi, au wa maumivu, majirani hawakuweza kutofautisha. Akafungwa bendeji, akaikamata randa kwa vidole vilivyobaki, na mguu wa nne ukapigwa msumari wa mwisho gari lililomleta binti likiwa tayari limesimama mlangoni.

Kichanga kikalazwa. Kitanda kikasimama. Mama mkwe akakizunguka, akafumba jicho moja.

"Kimeinama, mkwe wangu."

"Kinakuinamia wewe, mama."

Akacheka, yeye ambaye hacheki. Hilo liandikwe katika historia.

Gharama ya vita ni hii: ukucha mmoja, uliong'oka baadaye, usingizi wa nyumba nzima, na usaha wa kujaza kizibo cha soda, ambao ni maiti za askari weupe waliokufa kwa maelfu, wote wakafutwa kwa pamba moja.