Kamata-Kata na Bidoni ya Mama Mukwe

Jumapili, 7 Machi 1999. Kindu.
Treni haijafika tena. Tangu vita ianze, dukani hakuna chumvi, hakuna sabuni, hakuna misumari, hakuna gundi. Watu wakubwa wanalalamika. Mimi Misenga, mwenye miaka kumi na mine, silalamiki. Nina akili.

Gundi iko, tena bure, ndani ya miti! Utomvu ukichemshwa unakuwa ulimbo, ule ule tunaonasia ndege. Jana nilibandika nao soli za viatu vya Katekista Michel. Kazi safi. Alinibariki.

Baadaye. Misa ilikuwa ya joto. Ulimbo uliyeyuka, ukashuka chini, ukashika sakafu. Katekista alisimama, viatu vikabaki vimepiga magoti. Alisoma matangazo yote na soksi. Hata askari walioketi nyuma walicheka, na hao si watu wa kucheka. Baba hakucheka. Amenichapa.

Kosa si ulimbo. Kosa ni joto.

Jumatatu, 3 Juni 2024.
Vita ile ilipita, mimi niko. Kazi yangu ni kufunga mizigo mbele ya depo ya Madamu Nicole, njia ya uwanja wa ndege. Watu wanawatumia ndugu zao wa Kinshasa mafuta ya mawese, na bidoni, lile dumu la plastiki, haipandi ndege kama kifuniko hakijazungushiwa skochi, utepe unaonata. Tuko wafungaji wawili. Mimi, na Ntumba, mutoto wa wafanyakazi wa reli waliotoka Kasai. Anakata skochi na meno. Na meno! Panya mwenye kitambulisho.

Leo Madamu Nicole ametangaza. Amejenga kibaraza chenye paa, nafasi ya mufungaji mumoja tu. Jumamosi atatutazama tukifunga, atachagua. Atakayekosa atafute kwingine.

Nimemuelezea muke wangu Mauwa. Amesema vizuri sana. Nikikosa kibaraza, Jumatatu niende kubeba magunia kwa Bakari. Bakari! Mudogo wake wa kuzaliwa! Mutoto niliyemufundisha kupanda kinga, baiskeli, leo ana mashini ya kukoboa mupunga, na sauti yake imekuwa nene. Nimuite bosi? Heri nikae na njaa. Mauwa amesema njaa tayari iko, tunakaa nayo.

Jumanne, 4 Juni.
Nimewaza hadi chai imepoa. Adui wa mufungaji ni mwanzo wa skochi. Unashika bidoni na mukono mumoja, skochi na wa pili. Muntu anapita, anakusalimia. Utampa mukono wa kushoto? Hapa kwetu? Unaacha skochi, unatoa wa kuume, unauliza habari ya watoto. Ukirudi, mwanzo umejilaza juu ya rulo ya skochi, hauonekani. Unakwaruza na kucha kama kuku. Mwenye bidoni anakuangalia. Aibu!

Dawa: mashini ya mukono mumoja! Inavaliwa mukono wa kushoto, wa kuume unabaki huru kwa bidoni na salamu. Nimeiita Kamata-Kata. Kamata njo kitambaa chenye ulimbo, kinashika mwanzo wa skochi usipotee. Kata njo meno niliyochonga kwenye kopo ya sardini. Rulo inazunguka juu ya spoku ya kinga. Mukanda ni kipande cha mupira wa kinga. Kinga ni ya Bakari, aliiacha kwetu Jumapili. Muvumbuzi haombi ruhusa.

Mauwa amenikumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Nimemujibu kwamba wazee waliosema hivyo hawakuwa na kopo ya sardini.

Jaribio la kwanza limekata skochi. Limekata pia shati langu la ndoa. Maendeleo yana bei.

Jumatano, 5 Juni.
Ushindi! Nimefunga bidoni huku nikisalimia njia nzima. Wazee, wamama wa soko, hata polisi. Wote nimewapa mukono wa kuume, wote nimewauliza habari zao. Ntumba, mwenye skochi mudomoni, alikuwa akijibu watu mmm, mmm, sawa na mbuzi. Mama mumoja amemuita mwenye kiburi. Nimefurahi mupaka nimepiga mluzi.

Basi, saa za joto. Ulimbo umeanza kukamata bila kuchagua. Umekamata nzi. Umekamata manyoya ya kuku wa jirani. Umekamata picha ya pasipoti ya bwana mumoja, nikaifunga juu ya bidoni ya muntu mwingine, na sasa bwana huyo amesafiri Kinshasa bila yeye mwenyewe. Madamu Nicole ameuliza kama mukono wangu unaumwa.

Wivu wa watu!

Alhamisi, 6 Juni.
Nimeona afadhali nishughulikie meno ya Ntumba. Alipoenda kunywa maji, nilipaka rulo yake pilipili, ile ndogo nyekundu, pande zote mbili. Nikakaa nikingojea kilio.

Ameuma. Ametulia. Ameuma tena. Amesema leo skochi ina ladha. Ameniuliza nilipoinunua yangu, kama nayo iko hivyo. Kisha ametoa muhogo wake mufukoni, akala vizuri.

Mimi nilisahau nikajifuta jicho na mukono ule ule. Nimefunga bidoni tatu nikilia. Wateja wamenipa pole ya musiba.

Ijumaa, 7 Juni.
Balaa. Mama mukwe ametoka kwao Tunda na pikipiki, na bidoni ya mafuta aliyokamua mwenyewe. Ni ya binti yake Nathalie, aliyejifungua Kinshasa. Lazima ipande ndege ya kesho.

Mama mukwe wangu ni mutu wa desturi. Tangu nimuoe Mauwa sijamugusa hata kidole. Nikiingia mulango wa mbele, yeye anatoka wa nyuma. Akitaka kuniambia jambo, anamwambia Mauwa, hata kama niko palepale nikisikia. Njo heshima, na mimi naipenda. Ni mama mukali.

Mauwa amesema bidoni ile nimuachie Ntumba. Ntumba! Mafuta ya mama mukwe wangu yaingie katika meno ya watu! Nimeapa kwamba kesho nitaifunga mimi mwenyewe, mbele ya Madamu Nicole, mukono mumoja. Mauwa ameniomba nisimuaibishe mbele ya mama yake. Hakupiga kelele, amesema polepole tu. Hilo limeniingia moyoni kuliko kelele.

Kwa hiyo nimeongeza ulimbo. Mwingi. Skochi yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Safari hii lazima ishike.

Jumamosi, 8 Juni.
Imeshika.

Nieleze taratibu. Watu walijaa. Madamu Nicole alikaa kwenye kiti. Mama mukwe alisimama nyuma ya nguzo, uso ameugeuza, kama inavyotakiwa. Ntumba alifunga yake. Nikaanza yangu. Kushoto ninazungusha, kuume ninageuza bidoni, watu eeeh! Nikaona nisalimie kidogo. Bidoni ilikuwa na jasho la mafuta. Ikateleza.

Mama mukwe kuona mafuta ya Nathalie yanaanguka, alisahau desturi, alisahau nguzo, aliruka akakamata mushikio. Mukono wangu wa kushoto ulikuwa ungali unazunguka. Ukazunguka. Mukono wake ukafungwa kwenye mushikio, wangu ukafungwa kwenye tumbo la bidoni. Kamata ilifanya kazi yote. Kata haikukata kitu, sardini ilikuwa imejaa ulimbo.

Mama yangu! Yeye alijifunika uso kwa kanga na mukono uliobaki. Mimi nilitazama juu, angani. Alimwambia Ntumba amwambie mutu yule asisogee. Nilimuomba Ntumba amwambie Mama kwamba sisogei. Alimwambia Ntumba aulize kama mutu yule ana akili. Ntumba hakulifikisha jibu langu.

Wote walijua kwamba mafuta njo yanayotoa ulimbo. Mafuta yalikuwa wapi? Ndani ya bidoni. Bidoni ilikuwa imefungwa na nani? Na mimi. Haikufunguka! Walivuta, waligonga, hakuna hata tone. Niliwaonyesha watu ubora huo lakini hakuna aliyetaka kusikia. Na bidoni za wateja wengine Madamu Nicole alikataza zisiguswe. Ndege tayari ilikuwa inanguruma.

Ntumba akapiga magoti. Akaomba radhi kwa Mama, kwa adabu kabisa. Akauma. Akakata skochi ya Mama, akakata yangu, akatema ulimbo chini. Akasema hii ilihitaji pilipili.

Kisha aliifunga bidoni upya, juu ya kazi yangu, ikapanda ndege. Madamu Nicole alichukua kiti chake akakiweka kibarazani, akamwambia Ntumba akae. Mama mukwe alipita kwa Ntumba akamuita mwanangu. Mimi miaka yote hii bado ni mutu yule.

Nilienda nyuma ya depo nikalia kidogo. Niseme ni pilipili ya Alhamisi.

Jumapili, 9 Juni.
Baraza la jamaa nyumbani. Bakari aliongoza, na sauti yake ile. Swali: mukwe na mama mukwe waligusana, au hawakugusana? Mujomba mumoja alisema waligusana, kwa sababu skochi ilikuwa moja. Mwingine alisema bidoni ilikuwa katikati, na bidoni ni sawa na ukuta. Walibishana mupaka chakula kikapoa. Mama mukwe alisema kutoka jikoni, kupitia Mauwa, kwamba hakuguswa, na kama angeguswa mimi nisingekuwa hai. Ila nilete kuku wa amani, na kuku huyo asiwe na ulimbo.

Watu walipoondoka, Mauwa aliketi karibu yangu. Alisema ananipenda, hajaacha, lakini ulimbo hapana. Amechoka kucheka pamoja na watu wanaomucheka mume wake. Niliona haya, haya ya kweli, mupaka masikio yakawa moto. Nikainua mukono wa kuume, nikaapa mbele ya Mungu: ulimbo sigusi tena.

Kesho kwa Bakari. Amerudi pia kuchukua kinga yake. Ameuliza mupira uko wapi.

Jumatatu, 10 Juni.
Mashini ya Bakari. Vumbi la pumba mupaka ndani ya meno. Bakari ameniambia nishike gunia kwa mikono miwili, nimimine muchele, nishone, nisifikiri. Kisha akaenda kutafuta mazutu, mafuta ya mashini.

Sasa tazama ujinga wa kazi hii! Kushona mudomo wa gunia kunataka muntu ashike huku, ashone kule, uzi uko wapi, sindano iko wapi. Mikono miwili yote! Wakati mudomo wa gunia ungeweza kujifunga wenyewe, ukipakwa kitu kidogo tu, muntu akabana na mukono mumoja. Kopo langu la ulimbo lilikuwa ndani ya mufuko wangu, nimelibeba kwa ajili ya kumbukumbu. Na niliapa kutogusa. Sikugusa. Nilitumia kijiti.

Gunia la kwanza limejifunga kama ndoto. Nikalisukuma kidogo na kiganja kuhakikisha.

Basi ninaandika na mukono wa kushoto, ndiyo sababu herufi zimelala. Wa kuume uko kwenye gunia. Bakari alirudi, akataka kuninyang'anya gunia, akalikumbatia. Sasa amenasa upande wa pili, tunatazamana. Mazutu yake yamemwagika. Nimemuonyesha jinsi ninavyoandika vizuri tu na mukono mumoja, hilo pekee ni ushahidi. Amefumba macho.

Ametuma muntu mbio kwenye depo, akamuite Ntumba aje na meno yake. Ntumba amejibu kwamba anamaliza wateja kwanza, na kwamba tutafute pilipili.

Mashini ingekuwa kivulini, sasa hivi ningekuwa tajiri. Joto la Kindu litaua akili zote za muji huu.