Pastere Mwenye Alikatala Kubarikia Bunduki

Asubuhi, ku kahawa ya Maman Victoire hapa Butembo, redio ikasema kama pastere Kahongya wa Musienene alikatala kubarikia bunduki za vijana benye kuenda vita. Général akaruka. Tunamuita Général, mais anauzisha bottes, viatu ya mupira, hajapiganisha hata kuku.

« Pastere muoga! Batu banakufa ku Beni, yeye anatufundisha kupenda adui! Kanisa inunue kanoni! »

« Kanisa yenye mabati inavuja? » Maman Victoire akauliza. « Kanoni itatoka wapi? »

« Mungu atasaidia! »

« Ah bon! Mungu anaweza kutupatia kanoni, mais kutuchunga bila kanoni, hapana? »

Tukacheka mupaka kahawa ikamwangika. Timothée, mwenye kupakiza viazi huko Musienene, akaweka kikombe chini.

« Redio haikumaliza. Mi nilikuwa mule ndani ya kanisa. Pastere hakufukuza bale vijana. Alibaambia: muweke bunduki ku meza, mufunge macho, kila mumoja ataje jina ya mama yake. Njo akaombea bale bamama bote. Kiisha akaombea na bamama ya maadui. »

« Aliomba sana? » nikauliza.

« Mi nilisinzia! Kufungua macho, bamama ya kanisa balishaingia, banasimama mbele ya meza. Mwenye kutaka bunduki yake apite kwanza juu ya mama. »

« Nani alipita? »

« Hata mumoja! Bengine balilia. Batatu bakabakia kwa pastere. »

« Batoto ya bure! » Général akapiga meza. « Ni bakina nani? »

Timothée akamuangalia polepole.

« Mumoja ni Sikuli, mutoto wako. »

Général alituambiaka kama Sikuli anatumika Kasindi, ku duane ya mupaka. Akavua kofia, akapanguza nayo uso.

« Iko muzima? »

« Muzima kabisa. Kutaja tu jina ya mama yake, bibi yako, akalia sana. Sasa anakula viazi ya pastere, anaimaliza. »

Général akacheka, machozi inashuka. Akaita motari wa pikipiki kwa sauti ya kuamusha muji muzima.

« Général, » nikamuuliza, « unaenda kumurudisha ku vita? »

« Vita gani? Naenda kumuleta nyumbani! Mama yake akisikia kama nilijua fasi iko, na ningali nakunywa kahawa, kanisa zote za Butembo hazitaweza kutupatanisha! »