Sabuni Iliyotafuta Saratani

Nta alipata wazo lile akiwa kwa kinyozi, shuka shingoni, upande mmoja wa kichwa ukiwa mweupe na mwingine ungali na nywele za mwezi mzima. Walimwita Nta kwa sababu maneno yake yalikuwa laini, na yakishamgusa mtu yanaganda.

Kwenye runinga iliyotundikwa juu ya kioo, daktari bingwa wa upasuaji alikuwa anaeleza jambo. Kuna chembe ndogo mno, alisema, ambazo jicho halizioni kabisa. Mgonjwa wa saratani anadungwa mshipani, chembe zinasafiri na damu mpaka kwenye uvimbe, zinaung'ang'ania. Halafu kwenye chumba cha upasuaji inawashwa taa maalumu, na ule uvimbe unang'aa, daktari akajua wapi akate na wapi aache. Bado ni majaribio, alisisitiza, na yanafanyika katika hospitali kubwa chache.

"Yaani ugonjwa wenyewe unawaka?" kinyozi aliuliza, mashine hewani.

"Unawaka," alisema Nta. "Na kitu kikiwaka, kaka, kuna mtu atalipa kukiona. Malizia upande huu, nina kazi."

Ile "bado ni majaribio" iliingia sikio moja ikatokea la pili. Jioni hiyohiyo alikuwa na taa ndogo ya zambarau, ya kukagulia noti bandia, aliyoinunua kwenye duka la vifaa vya ofisi. Alikuwa pia na pakiti ya sabuni ya unga, ile inayofanya mashati meupe yang'ae. Aliikoroga na maji, akaichuja kwa kitambaa mara tatu, akaitia kwenye vichupa kumi vya sindano. Kila kichupa akakibandika karatasi: NURU NANO. Vyote akavilaza kwenye sanduku la bati lenye sponji ndani, maana mjini mtu hanunui dawa, ananunua sanduku.

Zahanati aliyoichagua ilikuwa ya mtu mmoja aliyeitwa na wote Mkurugenzi. Huyu Mkurugenzi hakuwahi kusomea udaktari hata siku moja. Kabla ya kutibu watu alikuwa akiuza marumaru na masinki, na aliamini kwamba biashara zote mbili ni zilezile: mteja anataka pang'ae, basi.

Siku ya tatu Nta alikuwa ofisini kwake, koti jeupe, mapazia yamefungwa, mezani sahani mbili za maini kutoka buchani. Pembeni alisimama Sista, muuguzi wa chumba cha upasuaji, mama wa miaka hamsini na ushee ambaye alishika mikasi zahanatini hapo kabla Mkurugenzi hajainunua.

"Hili ni ini zima," Nta alisema kwa sauti ya msibani. "Na hili lina saratani. Kwa macho, unaona tofauti?"

"Sioni."

"Huwezi kuona. Hata malaika asingeona. Sasa tazama."

Akawasha taa. Ini la pili, ambalo alikuwa amelidunga sabuni asubuhi akiwa bado na pajama, likatoa madoa ya buluu yanayometameta. Mkurugenzi akavuta pumzi kama mtu aliyeona jina lake kwenye wosia wa tajiri.

"Nani mwingine anayo hapa mjini?"

"Hakuna. Lakini kesho naonana na wale jamaa wa ng'ambo ya pili ya barabara."

"Huendi! Fedha taslimu sina kwa sasa, ila gari langu lile jeupe lipo hapo nje. Chukua ufunguo leo, kadi ya gari nakuandikishia wiki ijayo. Mgonjwa wa kwanza ninaye tayari. Yule mwalimu mwenye uvimbe wa titi."

Sista akainua uso. "Mwalimu aliandikiwa barua ya rufaa, Mkurugenzi. Anatakiwa hospitali kuu."

"Barua ninayo," Mkurugenzi alisema, akapapasa droo ya meza. "Imetulia hapa. Kwa nini tumpeleke mteja kwa watu wengine?"

Nta mwenyewe, ambaye katika maisha yake alishawahi kuuza kiwanja cha makaburi, alihisi kitu kikimkwaruza kooni. Lakini ufunguo ulikuwa mezani, na kwa Nta ufunguo ulikuwa dawa nzuri ya koo. Akautia mfukoni mwa suruali.

"Wabia wangu wawili wanakuja saa nane," Mkurugenzi aliendelea, akitoka mbio. "Nakwenda kuwapokea. Sista, safisha hapa!"

Sista alikusanya sahani. Kisha akamgeukia Nta kwa upole wa shangazi. "Pole na kazi, Daktari. Jasho limekulowanisha shingo." Akamfuta kisogoni kwa pamba, mara moja, taratibu. Pamba ile alikuwa ameichovya kwenye kichupa cha Nuru Nano. Alishaisikia harufu ya sabuni tangu sanduku lilipofunguliwa. Hakuna mama aliyelea watoto watano asiyeijua harufu hiyo.

Nta alishafika mlangoni aliposikia, "Mwanangu, ngoja kidogo."

"Nina haraka, Sista."

"Najua. Taa yako ni ya noti na dawa yako ni sabuni. Usishtuke, simwambii mtu. Lakini niliposimama nyuma yako taa ikiwaka, kuna kitu kiling'aa kwenye kisogo chako."

Nta akacheka. "Sista, kwa hilo umekosea mtu. Taa ile haioni ugonjwa."

"Ndiyo maana nimeogopa. Mimi nilipelekwa hospitali kuu kujifunza ile ya kweli. Kuna uvimbe mbaya sana unaowaka wenyewe, bila dawa yoyote." Huu ulikuwa uongo mtupu, ila ulisemwa na mwanamke mwenye sare safi, na Nta alikuwa wa kwanza duniani kujua koti jeupe linavyofanya kazi. "Njoo ujionee."

Akabeba sanduku na taa, akamwingiza chumba cha upasuaji. Akampa kioo ashike mbele, kingine akakishika mwenyewe nyuma, akawasha taa. Pale kisogoni, doa la buluu likametameta.

Mtu aliyewatisha watu mji mzima kwa miaka kumi na tano sasa alitishwa na kisogo chake mwenyewe.

"Sista, mama yangu, nina mtoto anaanza shule!"

"Basi usipoteze muda. Kidogo hivi nakitoa kwa dakika kumi. Vua nguo zote, vaa gauni hili, lala kifudifudi. Na usitikisike, kikishtuka kinasambaa."

Nta alivua kama anayeungua. Suruali, koti, viatu, vyote akavitia kwenye kikapu alichoshikiwa. Gauni lenyewe lilikuwa lile la wagonjwa, lililofungwa mbele na kusahauliwa nyuma. Akalala juu ya meza ya upasuaji, akafunikwa shuka mpaka kichwani, akafumba macho na kuanza kumwahidi Mungu mambo ambayo Mungu mwenyewe hakuyaomba.

Sista akatoka na kikapu. Akapita ofisini, akafungua droo, akachukua barua. Wodini akamkuta Mwalimu akisahihisha madaftari kitandani, kalamu nyekundu mkononi.

"Vaa viatu, Mwalimu. Tunakwenda hospitali kuu."

"Leo? Kwa usafiri gani?"

Sista akatingisha ufunguo. "Mkurugenzi ametoa gari lake."

Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Nta hakutikisika. Ndipo mlango ukafunguliwa, na sauti ya Mkurugenzi ikatangulia kuingia.

"Karibuni, wabia, karibuni! Aah, Sista ameshaniandalia mgonjwa. Huyo ndiye muuguzi wangu! Sasa mtaona kwa macho yenu." Sanduku likafunguliwa. "Unavuta dawa hivi, unamdunga mshipani, unawasha taa."

"Si daktari ndiye hudunga?" aliuliza mbia mmoja, mzee mwenye miwani.

"Kwani kudunga ni kazi gani? Mimi nimetia silikoni kwenye masinki miaka tisa!"

Akaushika mkono uliochungulia chini ya shuka, akautafuta mshipa kwa kidole gumba. Nta aliisikia ncha ya sindano ikigusa ngozi. Katika maisha yake hakuwahi kusema kweli kwa haraka namna ile.

"Usinidunge! Ni sabuni! Sabuni ya unga, ya kufulia! Taa ni ya noti! Maini nilinunua hapo buchani!"

Akaruka chini, shuka likabaki mezani, na wabia wakaonyeshwa kitu ambacho hawakukijia.

Mkurugenzi alisimama na sindano mkononi, mdomo wazi. "Gari langu liko wapi?"

"Suruali yangu iko wapi?" alijibu Nta, akatoka mbio, mikono miwili ikishikilia gauni kwa nyuma.

Gari lilikuwa kilomita kumi na tano mbele, likikohoa kwenye mlima. Lilifika. Wiki ya pili Mwalimu akafanyiwa upasuaji chini ya taa ya kweli, kwa dawa ya kweli. Uvimbe ulipong'aa, punje moja kama ya mtama ikawaka peke yake karibu na kwapa, mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Wakaitoa pia. Alipozinduka na kusimuliwa habari yote, alicheka mpaka akashika bandeji. "Niache, Sista, nyuzi zitafumuka!"

Jioni ya siku ile ya safari Sista alikuwa amempigia simu Mkurugenzi, akamwambia ufunguo uko kwa mlinzi wa hospitali kuu, na barua iliyofungiwa droo iko kwa wakaguzi wa afya. Wakaguzi wakafika zahanatini kabla yeye hajalifuata gari. Walibandika karatasi mlangoni, wakapiga lakiri.

Kesho yake yule mbia mwenye miwani alirudi peke yake, akisogea ukutani kama anayekwepa mvua. Alisoma karatasi yote. Kisha akamsogelea mlinzi wa zahanati, akashusha sauti.

"Ndugu yangu, yule kijana wa sabuni anapatikana wapi? Mimi nina zahanati mbili."