Ukoko wa Bosi

Leo nimeumbuka. Nimeng'atwa na mbwa. Tena mbwa wangu mwenyewe. Tena kwenye makalio! (Chekeni, mimi nasubiri.)

Mbwa anaitwa Bosi. Tumemchukua juzijuzi tu kwa jirani yetu hapa Mwembesongo, aliyehamia Mgeta kulima karoti. Mpole sana, mpaka aone chakula. Akiwa na sufuria lake, hata kuku akipita anaungurumiwa. Mke wangu, Mama Neema, alionya siku ileile: "Akimng'ata mtu wa nyumba hii, anaondoka." Watoto wetu wawili, Neema na Yohana, wakaangua kilio. Basi mimi nikajipa ualimu. Kila jioni nawapanga ukutani.

"Hakuna kumsogelea Bosi akila! Hakuna kugusa sufuria lake! Tumeelewana?"

"Ndiyo, baba!"

Sasa leo mchana, Mama Neema kaenda sokoni na Yohana. Sisi wali wetu tunapikia jiko la umeme, unatoka mweupe, hauna hata doa. Wa Bosi ndio unapikwa uani kwa mkaa, chenga tupu za mchele. Nikampakulia kwenye sinia ili upoe, nikachungulia ndani ya sufuria. Ukoko! Wa kahawia, umeshika chini vizuri.

Jamani, ile harufu. Nilirudi miaka ile viwanda vinauzwa na baba kapunguzwa kazi. Madukani vitu vimejaa, sabuni za kila rangi, nyumbani hatuna kitu. Tulikula chenga hizohizo. Mama akishapakua, anaumwagia ukoko chai ya rangi ulainike, anatuwekea sufuria katikati. Na baba, ambaye zamani alikuwa akirudi kutoka kiwandani amechoka hana hata neno, sasa anachuchumaa na sisi kugombania. Anatuibia vipande, tunacheka mpaka tunapaliwa. Leo najua alikuwa na mawazo mengi kichwani, lakini sisi watoto tuliona tumepata baba. Nimemkumbuka sana.

Basi nikachuchumaa. (Mtu mzima, nina ndevu.) Nikashika kijiko, kwaruu, kwaruu. Mtamu! Nikamwita Neema aje aonje chakula cha utoto wangu. Akasimama mlangoni, hasogei.

"Baba, si ulisema hakuna kugusa sufuria la Bosi?"

"Mwenyewe yuko nyuma ya banda huko, amelala."

"Yuko nyuma yako."

Mngurumo nilikuwa nausikia, nikadhani pikipiki. Kap! Niliruka, kijiko kikaenda kutua juu ya bati la jirani.

Nikamfungia Bosi bandani, nikaosha jeraha kwa sabuni na maji mengi. Neema analia, "Mama atamfukuza Bosi?" Nikamwambia hatutasema. Tukaenda zahanati, mimi natembea kwa upande.

Benchi limejaa watu. Muuguzi, binti mdogo mwenye adabu zake, akaniamkia shikamoo, akaanza maswali.

"Ulimpiga?"

"Hapana."

"Alikuwa anakula?"

"Hapana."

"Kakung'ata hivihivi tu? Basi huyo huenda ana kichaa, baba. Mbwa wa hivyo anaweza hata kuuawa."

Neema aliposikia kuuawa, alipiga kelele zahanati nzima ikageuka: "Bosi hana kichaa! Baba ndiye alikuwa anamlia ukoko wake!"

 Benchi zima likaangua kicheko. Muuguzi akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Mzee mmoja akaniinamia kwa huruma ya kweli: "Mwanangu, nyumbani hali imekuwa mbaya hivyo?"

Nikainua macho. Mlangoni kasimama Mama Neema na kikapu chake cha mboga, Yohana pembeni. Jirani wa lile bati alishampigia simu, na yote kayasikia.

Nimechomwa chanjo, na nyingine zinanisubiri. Bosi atafungiwa na kuangaliwa na daktari wa mifugo.  Njia nzima Neema kamshika mama yake mkono, macho mekundu, anasubiri hukumu. Tulipofika uani ndipo Mama Neema akasema.

"Bosi anabaki. Yeye hakumfuata mtu, alifuata sufuria lake."

Neema akamrukia. Mimi nikashusha pumzi.

"Ila kuanzia leo, Bosi akila, banda linafungwa, na watoto wote wanakaa ndani." Akanitazama. "Wote watatu."

Naombeni asicheke mtu. Wa kuja kunipa pole karibuni, ila nitawapokea nimesimama.