Visvaldis na Vita vya Ukuta wa Kusini

Sogeeni, enyi mlio na masikio na subira. Anayepasua kuni na aliweke shoka chini, na anayechemsha jamu na aiepue sufuria, kwa maana nataka kuwasimulia vita ambavyo habari zake hazikufika katika baraza la mfalme yeyote, vita vilivyopiganwa miaka tisa katika vilima vya Vidzeme, kwetu kaskazini kwenye theluji, baina ya mtu mmoja na majira ya baridi, na ngawira yake ilikuwa kichala kimoja cha zabibu. Nawe kumbukumbu, rafiki wa wazee unayewasaliti wote, nishike mkono nisitie chumvi nyingi. Kidogo nitatia, maana chakula kisicho chumvi hakiliki.

Shujaa wetu ni Visvaldis mwana wa Kārlis, dereva wa treni mstaafu, Mwenye Kofia Isiyovuliwa, Mfunika Mizizi, mtu ambaye hajapata kuomba kijiko mezani bila kusimama na kutoa hotuba. Watu wa kwetu hupanda viazi na matufaha, na zabibu huzinunua dukani. Lakini iko mbegu moja ya zabibu nyeusi, ndogo, yenye haraka ya kuiva, iliyokuzwa na mabingwa wa huku kizazi baada ya kizazi mpaka ikawa haiogopi theluji. Visvaldis alinunua kipande chake sokoni, kinene kama penseli, kimefungwa katika gazeti lililolowa, akakibeba hadi nyumbani kifuani mwake kama mtu aliyebeba barua ya siri.

Sasa, katika kiwanja chake kuna ukuta mmoja tu unaopata jua kutwa nzima, nao ni ukuta wa kusini wa nyumba ya mvuke, ile tunamooga na kujichapa matawi ya mti wa mbetula, ili damu itembee, kila Jumamosi. Hapo ndipo alipopanda mzabibu wake. Na ni papo hapo ambapo mkewe Ilga alikuwa amepatolea macho, miaka na miaka, apande nyanya.

Mwaka wa kwanza baridi ya mwisho wa Mei ililala juu ya machipukizi, na kulipokucha yalikuwa meusi yote. Mwaka wa pili Visvaldis mwenyewe, akihadaiwa na wiki moja ya jua katika mwezi wa Machi, aliuondolea mzabibu shuka lake la matawi ya msonobari kabla ya wakati, akajuta. Wakaja ndege kwezi, kundi zima, wakala kila kitu kwa robo saa. Wakaja nyigu. Ikaja miaka ambayo kiangazi kilichungulia tu na kuondoka, na zabibu zikabaki kali kiasi cha kumfumbisha kuku macho. Kila vuli shujaa aliyakata mashina, akayalaza chini, akayafunika, na kila vuli jirani yake Velta, Malkia wa Kibanda cha Nailoni anamokuzia nyanya, aliegemea uzio na kumuuliza hali.

"Jirani, mgonjwa wako anaendeleaje?"

"Amelala, Velta. Lakini majemadari wote hulala kabla ya vita."

"Haya. Akiamka mpe salamu za nyanya zangu, zimeshaiva za pili."

Masika ya mwaka wa tisa Ilga alifika mwisho wa subira. Huyu Ilga, nawaambieni, ni mtu ambaye hakuna aliyepata kumsikia akisema uongo. Alimwambia mchungaji mbele ya waumini kwamba mahubiri yake ni marefu na hayana kitu. Alimwambia bibi arusi kwamba keki ni kavu. Siku hiyo madirisha yake yote yalikuwa yamejaa miche ya nyanya ndani ya vikopo vya maziwa, akaweka kahawa mezani, akasema:

"Mzee, tuambizane ukweli. Miaka tisa huo mti wako unakula jua la nyanya zangu."

Visvaldis akasimama, mkono kifuani. "Ewe Ilga, mwandani wa siku zangu, hivi utamwambia askari aliyeilinda ngome miaka tisa kwamba aifungue milango asubuhi ya kumi? Je, mababu zetu waliikimbia baridi? Je, walisema, viazi vinatosha?"

"Walisema hivyo hivyo. Keti, kahawa inapoa."

Akaketi. "Basi weka siku."

"Siku ya jina langu. Nikila zabibu tamu siku hiyo, ukuta ni wako mpaka ufe. Ikiwa kali, unaung'oa huo mti mwenyewe, kwa jembe lako, na mimi napanda nyanya."

"Na hakimu nani?"

"Mdomo wangu."

Hakuna ambaye angeweza kumkataa hakimu huyo, nikiwemo mimi niliyekuwa karani wa posta miaka thelathini na niliyeitwa kuwa shahidi. Kwetu kila jina lina siku yake katika kalenda, na la Ilga ni tarehe nane Septemba. Tulipeana mikono, na Visvaldis akatoka kwenda kuuangalia mzabibu wake, na nilipomwona pale nje kofia imemshuka hadi nyusi, nilimwonea huruma kweli.

Yaliyojiri kiangazi hicho nitayapitia mbio. Vichala kumi na viwili vilitokea. Kwezi walichukua vitano, nyigu vinne, ukungu viwili. Kikabaki kimoja, chenye punje thelathini na moja, nacho Visvaldis akakivika soksi ndefu ya nailoni ili maadui wakione wasikifikie. Kilikuwa kimeanza kugeuka buluu upande wa ukutani wakati redio ilipotangaza, Jumamosi tarehe nne, kwamba joto litashuka chini ya sifuri kuanzia usiku unaofuata.

Hapo ndipo akili ya shujaa ilipowaka. Kama jua limemwacha mkono, ukuta wenyewe si una jiko ndani? Jumapili asubuhi akatia moto nyumba ya mvuke. Akatia Jumatatu. Akatia Jumanne. Magogo ya mbetula aliyoyapasua kwa ajili ya Januari yaliingia motoni kikosi baada ya kikosi, wala hakuna hata moja lililorudi, na ukuta wa kusini ukawa moto kama kifua cha ng'ombe. Alilala humo humo kwenye benchi. Ilga alimpelekea supu, akaiweka kizingitini, akaondoka, maana alikuwa na mikate ya kuoka.

Siku ya jina, kwetu, haina mwaliko. Kalenda ndiyo inayoalika, na mwenye miguu huja na maua. Na maua kwetu yana hesabu: ya furaha ni witiri, ya msiba ni shufwa, na hakuna mtoto asiyelijua hilo. Jumatano asubuhi Velta alikuwa bustanini kwake amekwisha kukata maua tisa ya Ilga, alipoinua macho akaona moshi juu ya nyumba ya mvuke. Moshi, siku ya Jumatano. Jana ulikuwapo pia, na juzi. Sasa, nyumba ya mvuke isipowashwa kwa kuoga Jumamosi, wazee wetu waliiwasha kwa mambo mawili tu: mtoto anazaliwa, au maiti anaoshwa. Ilga ana miaka sitini na minane. Na Visvaldis hakuonekana uzioni siku ya nne hiyo.

Velta akachomoa ua moja, akalitupa. Kisha akazunguka kijiji kizima.

Saa kumi alasiri tulisimama mlangoni kwa Ilga watu wanane, tumevaa nyeusi. Mimi nilikuwa nimeshika maua manne. Ilga akafungua, aproni imejaa unga, uso umeiva kwa joto la tanuri, na Velta akamkumbatia papo hapo.

"Pole, Ilga. Pole sana, mwenzangu. Mungu ampumzishe."

Ilga akatazama maua ya Velta. Niliona midomo yake ikihesabu. "Manane," akasema. Akahesabu yangu. "Manne." Rangi ikamtoka usoni. "Yuko wapi?"

"Si wewe ndiye unayejua?" akasema Velta. "Sisi tumeona moshi."

Ilga hakungoja. Alishuka ngazi za mlangoni na goti lake bovu, akakimbia kupitia vitanda vya vitunguu, nasi sote nyuma yake na maua yetu, hadi upande wa kusini wa nyumba ya mvuke. Na hapo, chini ya mzabibu, alilala Visvaldis chali, amejaa masizi, mikono juu ya kifua, kofia usoni.

Sijapata kusikia mtu akiita jina kama Ilga alivyoita lile.

Kofia ikasogea. "Ewe Ilga," ikasema sauti ya usingizi, "umekuja saa njema. Adui amerudi nyuma usiku wa kuamkia leo, na majeshi yetu..."

"Nyamaza," akasema Ilga. Akamchapa begani kwa kitambaa cha vyombo, mara tatu. "Nyamaza kabisa." Kisha akaketi kwenye majani kando yake na kulia mbele ya watu wote.

Velta alikuwa bado ameshika maua yake. "Kwani hujafa?"

"Sijapata nafasi," akasema Visvaldis.

Basi kila mtu akachomoa ua moja ili fungu lake liwe la furaha, tukayatia yale yaliyochomolewa katika ndoo ya maji. Yalikuwa manane. Velta akaenda uzioni akachuma la tisa.

Ndipo ikafika saa ya hukumu. Visvaldis alisimama, akajipangusa, akakishusha kichala.

"Hiyo si soksi yangu?" akauliza Ilga.

"Ilikuwa."

Akamchagulia punje nyeusi kuliko zote, ile iliyogusa ukuta. Ilga akaitia mdomoni, akatafuna polepole, macho mekundu bado. Akatema mbegu kiganjani. Akamtazama mumewe muda mrefu, kuanzia viatu hadi kofia.

"Tamu," akasema.

Visvaldis akawagawia wengine, punje moja moja. Nilikula yangu. Nimeahidi kusema kweli ila kidogo, basi nasema: ilikuwa na moshi mbele na ukali nyuma, na meno yangu ya kushoto yalipiga kelele. Nikamwona Velta amekunja uso wote, anafungua kinywa.

"Velta," akasema Ilga kwa upole, "zabibu ikoje?"

Velta akamwangalia. Akaiangalia ile ndoo ya maua. Akameza. "Tamu, jirani," akasema. "Tamu sana."

Nasi wengine tukasema vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya watu wanaokula kiapo. Mwisho shujaa akala ya kwake. Jicho lake la kushoto lilifumba lenyewe. Akaligeuza lile lingine kwa mkewe, aliyekuwa anakung'uta unga kwenye aproni kana kwamba hakuna kilichotokea, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Visvaldis mwana wa Kārlis hakutoa hotuba. Alivua kofia.

Iandikwe basi, na watakaokuja wasome: tarehe nane Septemba, saa kumi na nusu alasiri, katika kijiji chetu, kwenye ukuta wa kusini, zabibu iliiva kabla ya baridi. Anayebisha akamuulize Ilga, ambaye hajapata kusema uongo. Mwakani miche ya nyanya ataiweka kwenye ukuta wa mashariki.