Zulia la King'ang'anizi

Bwana Kola alikuwa tapeli hodari mwenye dosari moja tu: alikwenda kwa miguu. Ulimi wake ulikuwa laini na kola yake ilipigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, lakini kila alipouza maji ya bomba kwa jina la marashi, wateja walimdaka kabla hajafika barabara kubwa. Kwa hiyo asubuhi ile alipoiona pikipiki nyekundu nje ya nyumba ya mzee mmoja aliyeitwa Mstaafu, imefutwa vumbi hata kwenye spoku, moyo ulimdunda kama wa mchumba.

Mstaafu mwenyewe alikuwa amesimama kando yake, mikono kiunoni, akiutazama uwanja wa mbele ya nyumba. Ulikuwa mtupu, mgumu, umejaa kokoto.

"Shikamoo, mzee. Mbona unauangalia uwanja kama unamwangalia mgonjwa?"

"Marahaba. Wazazi wa mchumba wa binti yangu wanakuja Jumapili, na nyumba ina kipara."

Bwana Kola akachutama, akaokota udongo kidogo, akauonja kwa ncha ya ulimi. Wataalamu huonja; wanaonja nini, hilo tuwaachie wenyewe.

"Hapa dawa yake ni Zulia la Kifalme," alisema. "Halikatwi, halifi, na asubuhi linatoa maua ya dhahabu. Pesa sitaki, mzee wangu. Nipe hicho chuma kinachokuzibia njia."

Mstaafu akaitazama pikipiki, akatazama kipara. "Uwanja ukipendeza kabla ya Jumapili, kichukue."

Zulia lenyewe lilikuwa mtaa wa pili, kwa mama mmoja mshonaji. Wanawake wa pale hawakulijua kwa ufalme. Waliliita king'ang'anizi: gugu la kutambaa chini, shina jekundu, majani manene madogo kama punje, viua vya njano vinavyofumba kabla ya saa sita. Ukilikata, linaota. Ukilitupa juu ya jiwe, linaota hapo hapo. Lilikuwa limetandaa uwanjani kwa mama huyo kuanzia kizingiti hadi nyuma ya choo, na mgongo wake ulikuwa umekataa kabisa kuinama.

"Mama, naomba haya majani. Nina sungura."

Mshonaji akaitazama ile kola, akavitazama vile viganja laini, akatoa pini mdomoni. "Sungura! Maskini, wanakula sana eh? Chukua, mwanangu. Ila ng'oa na mizizi, wasije wakalala njaa."

"Ahsante, mama."

"Na pale chini ya karo. Na nyuma ya choo, huko ndiko yaliko matamu."

Bwana Kola akang'oa mpaka kola ikalala. Mama akashona huku akiimba.

Aliporudi kwa Mstaafu na magunia yake yaliyolowa, alidhani kilichobaki ni kutandika. Lakini Mstaafu alikuwa na maswali.

"Zulia la namna hii linataka udongo gani?"

Hapo mtu mkweli angesema lolote linafaa. Bwana Kola alikuwa mtaalamu. "Ah, mzee, udongo uliochimbwa hadi magotini! Uchekechwe, kokoto itoke yote, samadi ichanganywe."

"Basi nisije nikaliharibu kwa ujinga wangu," alisema Mstaafu, akamkabidhi jembe. "Chimba wewe unayelijua."

Akachimba. Alichekecha, akabeba kokoto kwa karai, akasomba samadi kutoka bandani. Malengelenge yalitoka na kupasuka. Kila alipotaka kukaa aliitazama pikipiki, akajiona anaikata kona na wateja wanabaki wanakohoa moshi. Jumamosi asubuhi uwanja ulikuwa laini kama unga, na king'ang'anizi kimetandikwa juu yake, kimechanua.

"Nimemaliza, mzee. Funguo."

"Tulia kidogo. Mkaguzi wangu ni dada yangu. Huyo hapo anaingia."

Akaingia yule mama mshonaji, utepe wa kupimia ukiwa shingoni.

"Kaka, hongera," alisema, akigusa majani kwa kidole cha mguu. "Hiki ni king'ang'anizi cha chooni kwangu. Mwanangu, na sungura hawajambo?"

Bwana Kola akainyoosha kola yake iliyolala.

"Dada aliniambia tangu jioni ile ulipoyang'oa," alisema Mstaafu kwa upole. "Nikamwambia, mwache kijana, ana mkono mzuri."

Nyuma ya mama ukaingia mkokoteni uliojaa nyasi halisi, za kutandika. King'ang'anizi kikazolewa na kutupiwa kuku, ambao hawakuuliza jina lake.

"Lakini pikipiki, mzee!"

"Uwanja wangu haujapendezeshwa na zulia lako." Mstaafu akafikiri, akalainisha sauti. "Ila mimi si mtu mbaya. Shemeji yangu, ng'ambo ya soko, ana uwanja mkubwa kuliko huu, mgumu kweli kweli. Ukimchimbia kama ulivyonichimbia mimi, pikipiki ni yako. Neno langu."

Sauti ilikuwa tamu, macho yamelegea, mkono umewekwa kifuani. Bwana Kola alikuwa amewafanyia wengi vivyo hivyo, mkono kifuani na yote.

Jioni hiyo watu wa sokoni walimwona juu ya pikipiki nyekundu. Alikaa nyuma, jembe begani, amemshika Mstaafu kiuno, anatabasamu.