Mimi, Kabati na Kompyuta za Chekechea

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta nne zimeletwa chekechea, darasani kwangu! Mwalimu mkuu kasema wazi: Ijumaa anakuja kukagua. Watoto wakizitumia wenyewe, bila mkono wa mwalimu, zinabaki hapa na mimi nakuwa msimamizi. Wakishindwa, zinahamia darasa la jirani, kwa Mwalimu Madaha. Madaha akanitazama kwa huruma. Huruma! Hata hamu ya kula imekatika.

Jumanne, 4 Machi
Watoto hawajui kusoma, wala kushoto na kulia. Nikabandika stika nyekundu kwenye kitufe cha kubonyeza cha kila kipanya. Akili hiyo! Kufikia mapumziko stika zote zilikuwa usoni mwao. Madaha akachungulia, akauliza kama darasa zima limepata tetekuwanga.

Jumatano, 5 Machi
Stika hubanduka, rangi ya kucha haibanduki. Nimechukua chupa ya mke wangu kimyakimya. Amegundua. Aliyosema siyaandiki.
Lakini inafanya kazi! Katikati ya skrini nimeweka picha ya paka. Ukimbonyeza paka, ukurasa wa kuchora unafunguka. Kibogoyo, binti asiye na meno ya mbele, kafungua peke yake, kachora, kampisha mwenzake. Wote wameweza. Mimi nilisimama tu, mikono mfukoni, nikajiona sina kazi.

Alhamisi, 6 Machi
Roho haijatulia. Leo wanaweza, kesho je? Shemeji yangu, fundi kompyuta, kaniazima kipanya kisicho na waya. Nimekiunganisha na kompyuta ya kwanza, iliyo karibu na mlango, pale mwalimu mkuu anapopenda kusimama. Nitajibanza ndani ya kabati la vifaa, nichungulie kwenye ufa, nisaidie mambo yakikwama. Shemeji akauliza kwa nini nisiwaache watoto tu. Fundi mzima, hana mbinu!

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Kibogoyo alikaa kompyuta ya kwanza. Akasogeza mshale kwa paka. Nami, kwa wema wangu, nikausogeza. Yeye huku, mimi kule. Mshale ukayumba kama mlevi. Nikabonyeza hovyo, kompyuta ikazimika.
Mwalimu mkuu akamuuliza kama amwitie mwalimu. Mtoto akajibu kwamba mwalimu yumo kabatini, na ndiye anayemharibia paka wake. Kumbe nimeingia kabatini darasa zima likinitazama!
Kabati likafunguliwa. Nikasema natafuta chaki. Mwalimu mkuu akasema watoto wamefaulu, aliyeshindwa ni mwalimu, na kuanzia Jumatatu watakwenda kuchorea kwa Madaha. Kompyuta zikabebwa palepale. Nilitaka kulia, nikajikaza.

Jumamosi, 8 Machi
Nimewaza sana, na kosa nimeliona. Nilichelewa kuingia. Jumatatu watoto wangu watakuwa wageni kwa Madaha, maskini, bila mtu wa kuwasaidia. Nimeshachungulia dirishani kwake: kabati lake ni pana, hata kiti kinaenea. Nitawahi kabla hawajafika.